Sahani ya Adhuhuri

Siku moja ya Ramadhani ingali machoni mwangu, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kunitoka. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimebeba bakuli la mbaazi za nazi, natoka kwetu Kibokoni kumpelekea jirani futari. Vichochoro vyote vya Mji wa Kale vilinukia kaimati. Nakumbuka leso niliyolifunikia lile bakuli, ya rangi ya zambarau, na nakumbuka kizingiti cha msikiti wetu mdogo nilipokikaribia. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipozinduka nilikuwa chini. Bakuli lilikuwa limevunjika na mbaazi zimetapakaa. Mkononi nilikuwa nimeshikizwa kichala cha funguo, sijui za nani, na puani nilikuwa na harufu ya kiberiti kilichochomwa, maana watu waliamini vitu hivyo humzindua aliyeanguka. Watu walikuwa wamesimama mbali, migongo ukutani, na mama mmoja amemvuta mwanawe kwa nguvu asije akakanyaga povu lililonitoka mdomoni. Nguo yangu ilikuwa imelowa. Baada ya zile funguo hakuna aliyenigusa tena mpaka mama yangu alipofika mbio bila buibui, yeye ambaye hakuwahi kutoka mlangoni bila buibui maisha yake yote.

Kifafa, mwanangu. Nalitaja jina lake waziwazi kwa sababu nyumbani kwetu halikuwa likitajwa. Mama alikuwa akiwaambia watu nina kizunguzungu. Nilianza kuanguka mwaka mmoja kabla ya siku ile, nikanyweshwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikavalishwa hirizi, na mwisho baba, ambaye alikuwa akifanya kazi bandarini, akanipeleka hospitali. Huko nikapewa vidonge vya kumeza asubuhi, mchana na usiku. Nikakaa miezi bila kuanguka hata mara moja. Mama akamshukuru Mungu, akafunga mdomo, nami nikafunga wangu. Msichana wa umri wa kuposwa hatangazwi ugonjwa wake.

Kisha Ramadhani ikaingia. Nyinyi wa siku hizi mnaweza kudhani nazidisha, lakini wakati ule kwetu kula mchana, hata kwa mwenye udhuru, kulikuwa jambo la kufanywa jikoni nyuma ya pazia, haraka haraka, na midomo ikafutwa vizuri kabla ya kutokeza. Mama aliniambia kidonge cha mchana nikimeze chumbani kimya kimya. Lakini nyumba ilijaa mashangazi na mabinti zao waliokuja kufunga nasi, na chumba nilikuwa nalala nao. Hata glasi ya maji ilinitia haya. Basi kidonge cha mchana nikakiacha. Usiku tulikesha tukipika na kupiga soga, tukaamka tena kula daku, usingizi ukawa wa kudokoa. Nilikuwa sijui kwamba ugonjwa huu hupata nafasi pale dawa inaporukwa, usingizi unapokosekana na tumbo linapokaa tupu. Mimi niliupa nafasi zote kwa pamoja, huku nikijiona mcha Mungu.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana kuanguka kwenyewe hakukuwa kubaya kuliko siku zilizokuja. Kwetu jioni za Ramadhani sahani hazitulii. Kila nyumba hupika ziada kidogo, ikampelekea jirani, na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Kaimati zinatoka hapa, tambi zinaingia, hata wakati mwingine unafuturu na hujala ulichokipika mwenyewe. Kesho yake mama alipika kama kawaida, akapeleka mwenyewe. Walimpokea kwa tabasamu na dua nyingi. Lakini kwetu haikuja sahani. Siku iliyofuata haikuja pia. Halafu mama akapita nyuma ya nyumba ya jirani, akaziona mbaazi zake kwenye pipa la taka, na paka wanazishughulikia.

Siku ile hakumwambia mtu, hata mimi nilikuja kuyajua baadaye. Aliingia ndani, akakaa kwenye ngazi, akalia. Nikakaa karibu naye nikamwambia kwamba mimi sitoki nje tena, nitakaa juu, nitamsaidia kazi za ndani, na watu watasahau. Aliupangusa uso kwa leso, akaniambia labda itakuwa vyema hivyo. Mama yangu alinipenda kuliko roho yake, mwanangu, na ndiyo maana neno lile lilinivunja. Wako wengi waliofungiwa namna ile na watu wanaowapenda, wakazeekea juu dirishani. Mimi nilikuwa nimebakisha kidogo tu niwe mmoja wao.

Mwadhini wa msikiti ule alikuwa mzee tukimwita Ami Twaha. Hakuwa ami yangu wa damu, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo, na mtaa mzima ulimwogopa. Ramadhani alikuwa na mtindo wake wa kuwasimamisha watoto njiani. Toa ulimi, atakwambia. Ulimi ukiwa mkavu na mweupe, unaruhusiwa kwenda zako. Ukiwa mwekundu una maji, atakukamata sikio mpaka kwa mama yako. Kuna watoto waliokuwa wakizunguka hadi upande wa ngome ili wasipite mbele yake, na mimi, kwa faida yako tu, nilikuwa mmoja wao.

Basi siku moja baada ya swala ya adhuhuri, wakati watu wanatoka msikitini na baraza zimejaa, Ami Twaha alitoka nyumbani kwake na sahani ya mkate wa sinia mkono mmoja na glasi ya maziwa mkono wa pili. Havikufunikwa. Jua la utosini, mwezi wa Ramadhani, mzee anayewavuta watoto masikio anatembea mtaani na chakula. Baba alisimuliwa baadaye kwamba soga zilikatika baraza moja baada ya nyingine kadiri alivyokuwa akipita, na watu wakanong'ona kwamba joto limemwingia kichwani.

Alipiga hodi kwetu. Mama alimfungua, akamwamkia, kisha akaona alichobeba, akatupa macho mtaani. Ami akaniulizia. Nikashuka ngazi nikijishikilia ukutani, kwa maana nilikuwa nimefunga siku ile pia, na nilidhani amekuja kuulizia habari za saumu yangu. Akaniambia nikae kitako pale ukumbini, karibu na mlango. Mama akanyoosha mkono kuurudisha mlango.

"Mlango uwate wazi," Ami alisema. "Nimepita nayo wazi mtaa mzima. Sikuja kuificha hapa."

Kisha akanigeukia. "Toa ulimi."

Nikautoa. Ulikuwa mkavu na mweupe kama alivyotaka siku zote, lakini ubavuni ulikuwa umechanika na kuvimba, mahali nilipoung'ata mwenyewe nilipoanguka. Ami aliutazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameshaona ndimi za watoto wote wa mtaa ule, na za wazazi wao walipokuwa watoto, lakini ulimi wangu ulimshinda. Niliona macho yake yanajaa, akayapangusa kwa mkono wa kanzu bila kujificha.

Aliniuliza kwa upole ni nani aliyeniamrisha kufunga. Nikamwambia hakuna, ila naona haya.

"Unawaonea haya watu," alisema. "Aliyekupa ruhusa humwonei haya, unamrudishia mkononi? Mgonjwa kapewa ruhusa, mwanangu. Hukupewa na mtaa huu, na mtaa huu hauwezi kukunyang'anya. Kula kwako leo ndiko kumtii Mungu. Haya, kula."

Nilishindwa kutafuna kwa sababu ya kidonda. Aliona. Akaumega ule mkate vipande vidogo vidogo, akavilowesha ndani ya maziwa, akanipangia pembeni mwa sahani. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu, maziwa yakimtiririka vidoleni, akijipangusa kwa leso yake kila mara ili yasimdondokee. Nilikula huku nalia. Nje watu walipita, wengine wakapunguza mwendo, wengine wakatazama kando. Nilipomaliza akamuuliza mama dawa ziko wapi. Zilikuwa chini ya godoro. Akamwomba azilete, nami nikameza kidonge mbele ya mlango ulio wazi, kwa maji, adhuhuri ya Ramadhani, mwadhini wa msikiti akinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyepata hesabu yake.

Aliposimama kuondoka alisema neno moja tu. "Sahani yangu naitaka jioni. Nayo isirudi tupu."

Mama alibaki amesimama na ile sahani mkononi. Atapika nini, na nani atakila? Mimi nikamwambia nitapika mwenyewe. Nikapika mbaazi, yeye akiniepulia sufuria, kwa maana daktari alikuwa amenikataza kukaa na moto peke yangu. Nazi niliikuna mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni baba akazipeleka msikitini.

Yaliyotokea huko aliyasimulia baba, na ndivyo nami ninavyokusimulia. Wanaume walikuwa wameketi uani wanangoja. Ami Twaha akaadhini, akashuka, akala tende, akanywa maji. Kisha akaivuta ile sahani katikati akawauliza wanajua mbaazi zile ni za nani. Akawaambia ni za Rukia binti Salim, yule binti aliyeanguka pale mlangoni, na kwamba kifafa hakiambukizi kwa povu, wala kwa sahani, wala kwa mkono uliokoroga. Akasema aliye na shaka na amtazame yeye. Akakata mkate, akachovya, akala. Baba alisema hakuna mwingine aliyenyoosha mkono, akatamani aondoke. Kisha muuza kahawa mmoja mzee akasogea naye akachovya. Kisha wengine.

Baba alirudi bila kitu mkononi, sahani imekombwa na kubaki kwa mwenyewe. Alianza kutusimulia akiwa amesimama, akafika pale jina langu lilipotajwa, akashindwa kuendelea. Akaingia chumbani kwake, tukamsikia analia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba yangu akilia, na mimi nilikuwa na furaha isiyo kifani, mwanangu, na ninaona ajabu mpaka leo kwamba vitu hivyo viwili vilitosha katika nyumba moja.

Usidhani kila mtu alibadilika. Jirani yule wa pipa hakula chakula changu mpaka alipofariki, na matanga yake niliyahudhuria, nikamwombea. Lakini sahani zilianza kuingia kwetu tena, kidogo kidogo, na mama hakuurudisha tena mlango. Nilijifunza cherehani. Nilioka mikate mingi mwenzangu akiwa karibu, na baharini niliogelea nikiwa na mtu wa kunishika mkono. Niliolewa, na aliyenioa aliambiwa na baba kabla ya akdi, akasema anachotaka kujua ni namna ya kunisaidia nikianguka. Nikazaa, nikapata wajukuu wanaonitania kwamba vidonge vyangu ndivyo saa ya nyumba. Ami Twaha ametangulia siku nyingi. Mungu amrehemu yeye na ukali wake.

Haya yote nilikuwa nimeyaweka, mpaka Ramadhani hii iliyopita. Jioni moja baada ya futari wajukuu walinichukua hadi Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo. Tulikuwa tumesimama kwa muuza mihogo, watu wamejaa, mara binti mmoja mbele yetu akaanguka, mwili ukashikwa na mitetemo. Na hapo, mwanangu, nikaona jinsi tulivyozeeka bila kujifunza. Mmoja alikuwa anapekua mfuko kutafuta funguo. Mwingine ameomba kijiko ili ampenyeze menoni. Kijana mmoja ameinua simu anapiga picha.

Nilipiga magoti, na mifupa ikanilalamikia. Nikamwambia muuza mihogo asogeze karai lake la mafuta ya moto. Nikamtilia binti leso yangu chini ya kichwa, nikaulegeza mtandio shingoni mwake, na sikumkandamiza, nikauacha mwili umalize kazi yake. Yule wa kijiko nikamwambia akalie wali nyumbani. Yule wa simu nikamwambia simu yake ina saa, basi aache picha aniangalizie dakika, maana zikipita tano tunakimbilia hospitali. Akaona haya, akahesabu kwa sauti. Mitetemo ilipotulia nikamlaza binti ubavu ili mate yatoke, nikamfunika miguu, nikakaa naye. Alipofumbua macho nikamwambia yuko wapi na nini kimempata, kwa sababu mimi najua ilivyo kuzinduka katikati ya nyuso na usielewe kitu.

Mama yake aliyekuwa naye alikuwa amechanganyikiwa, akimwambia kila mtu kwamba ni joto tu, ni uchovu wa saumu. Nikamsikia mama yangu na kizunguzungu chake. Nikamwinamia binti sikioni nikamuuliza kama kuna dawa ya mchana anayoiruka. Alinitazama, akaanza kulia. Jina lake ni Swabra. Wanakaa Majengo. Nilimwuliza mama yake ruhusa ya kuwatembelea kesho yake.

Kesho yake adhuhuri nilipanda tuktuk na sahani ya mkate wa sinia mapajani, haikufunikwa. Dereva alinichungulia kwenye kioo mara kadhaa, mwisho akaniuliza kwa adabu kama bibi amesahau tuko mwezi gani. Nikamwambia mwezi naujua na ugonjwa naujua, yeye aendeshe.

Mama Swabra alipotaka kuufunga mlango nilimwomba auache wazi. Aliniangalia, akatazama nje, akauacha. Nikakaa chini na Swabra nikamsimulia habari za ulimi wangu na za mwadhini. Halafu nikanawa mikono. Ami Twaha hakuweza kula pamoja nami mchana ule, alikuwa amefunga. Mimi niliweza. Siku zangu huzilipia fidia, namlisha maskini, na daktari wangu ananijua. Basi nikamega mkate, nikala, nikamsogezea sahani, na yule mtoto akala nami kutoka sahani moja, mchana wa Ramadhani, huku majirani wa Majengo wakipita na kuchungulia. Alimeza dawa yake nami nikameza yangu. Nilipokuwa nainuka nilimwambia sahani yangu naitaka jioni, na isirudi tupu.

Wewe unayenisikiliza huenda huna ugonjwa huu. Basi shika haya kwa ajili ya mwenzako. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, una dawa, na hauambukizi. Ukimwona mtu ameanguka, ondoa vya kumwumiza, linda kichwa chake, angalia saa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimkimbie. Akianguka mara ya pili kabla ya kuzinduka, au zikipita zile dakika tano, mpelekeni hospitali. Na kama ugonjwa ni wako, mwanangu, dawa usiiruke kwa sababu ya mtu yeyote, wala usiiache kwa sababu umekaa miezi mizuri. Lala vya kutosha. Ramadhani ikikaribia mwendee daktari wako mapema, kisha mwulize sheikh wako. Wapo wanaopangiwa dawa wakafunga salama, na wapo wanaopewa ruhusa. Ukipewa ruhusa, ipokee kwa mikono miwili. Omba dua na umeze kidonge. Vitu hivyo havigombani. Na nyinyi wazazi, mapenzi ya kumficha mtoto ni mapenzi, sikatai, lakini yanamla.

Jioni ile kabla ya magharibi tulisikia hodi. Swabra mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na mama yake, ameishika sahani yangu kwa mikono yote miwili, imejaa viazi vya karai. Wajukuu wangu waliitazama ile sahani, kisha wakanitazama mimi. Sikungoja adhana, sikuwa na saumu ya kuingoja. Nikachukua kiazi nikala pale pale mlangoni, kisha nikawakaribisha ndani.

Mungu akupe afya, mwanangu, na akikupa maradhi akupe na watu wa kukaa nawe chini. Ajaalie mlango wako usifungwe kwa haya ya mtu. Na kila sahani utakayoitoa kwa jirani, akurudishie imejaa.